Insia na tafakuri katika elimu ya fiziotherapia

Insia na tafakuri ni sehemu ya mafunzo inayomtaka mwanafunzi wa fiziotherapia asome pia historia, fasihi na falsafa, kisha aandike aliyoyaona na kuyafanya wodini. Donald Schön aliipa tafakuri msingi wa nadharia mwaka 1983, katika kitabu chake juu ya mtaalamu anayejichunguza kazini.

Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaihitaji elimu hii kuliko miji mingi. Mwaka 1997 muungano wa wapiganaji wa AFDL ulikusanya vijana, watoto wakiwemo, katika kambi ya mafunzo ya Kapalata. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita, raia wengi wakauawa au kujeruhiwa. Goniomita hupima pembe ya goti; haipimi hofu ya mgonjwa aliyepitia vita hivyo, anayeruka akiguswa begani kwa nyuma. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo humwandika mkaidi, na kumwandika hivyo ni kumwonea. Aulize kwanza aliumiaje, jibu aliandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Faili la namna hiyo lina uzito hata nje ya hospitali: mwaka 2022, ilipoiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa madhara ya vita, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba ushahidi wa majeruhi ulikuwa haba.