Kabla ya kununua kadi ya sauti, chungulia nyuma ya kompyuta yako

Na Mwandishi Wetu

HUTOKEA mtu akajinyima, akanunua seti ya spika tano na sabufa yake kwa ajili ya kompyuta ya mezani, akazipanga vizuri sebuleni, kisha akaambulia sauti kwenye spika mbili za mbele tu. Za nyuma zinabaki kimya kama mapambo.

Akienda kuuliza, ushauri wa haraka anaopewa ni kununua kadi ya sauti. Fedha zinamtoka mara ya pili, ilhali huenda kompyuta yake ilikuwa na uwezo huo tangu ilipotoka kiwandani.

Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000 zina chipu ya sauti iliyojengwa kwenye bodi mama, yaani ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Chipu hiyo mara nyingi inaweza kutoa sauti ya mzunguko, ile inayomfikia msikilizaji kutoka mbele, pembeni na nyuma.

Haikuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1990, aliyetaka sauti nzuri alilazimika kuchomeka kadi ya pekee, kama vile Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoingia sokoni mwaka 1989.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1997, kampuni ya Intel ya Marekani ilipotoa kanuni za AC'97 zilizowawezesha watengenezaji kuweka sauti kwenye bodi mama kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 Intel ikaja na kanuni mpya za HD Audio, zinazoruhusu chaneli nane, kila moja ikipimwa mara 96,000 kwa sekunde. Sauti ya CD ya kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, tena kwa chaneli mbili tu.

Namba 5.1 inayoandikwa kwenye maboksi ya spika ina maana yake. Tano ni chaneli za mbele kulia, mbele kushoto, katikati, na mbili za pembeni au nyuma. Ile moja baada ya nukta ni chaneli ya besi peke yake, inayopelekwa kwenye sabufa. Mfumo wa 7.1 huongeza chaneli mbili zaidi.

Hapa ndipo hesabu ya matundu inapoanza. Kila tundu dogo la milimita 3.5 nyuma ya kompyuta hubeba chaneli mbili. Kwa hiyo, chaneli sita zinahitaji matundu matatu, na chaneli nane zinahitaji manne. Anayetumia waya mmoja tu kutoka tundu la kijani atapata chaneli mbili, hata kama spika zake ni kumi.

Rangi za matundu hazikuwekwa kwa urembo. Kijani ni la spika za mbele, jeusi la spika za nyuma, la rangi ya chungwa ni la spika ya katikati na sabufa, na la kijivu, pale lilipo, ni la spika za pembeni. La waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine.

Je, mwenye kompyuta yenye matundu matatu tu, yaani kijani, buluu na waridi, akate tamaa? La hasha. Katika bodi mama nyingi za namna hiyo, mtumiaji akichagua mfumo wa 5.1, tundu la buluu hugeuka kuwa la spika za nyuma, na la waridi likawa la katikati na sabufa. Maikrofoni huhamia kwenye tundu la mbele ya kasha.

Hatua ya pili ni mpangilio ndani ya kompyuta. Programu endeshi ya sauti inapaswa kuwa ile iliyotolewa kwa ajili ya bodi hiyo. Nyingi hutumia chipu za Realtek ya Taiwan. Kisha, katika Windows, mtumiaji hufungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, akachagua spika, akaingia sehemu ya kuzipanga na kuchagua 5.1. Hapo kuna kitufe cha majaribio kinachopiga spika moja baada ya nyingine. Iliyo kimya itajulikana papo hapo.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni chanzo cha sauti. Nyimbo nyingi zimerekodiwa kwa chaneli mbili, na hakuna chipu wala kadi itakayozirudishia chaneli ambazo hazikurekodiwa. Ipo mipangilio inayosambaza chaneli mbili kwenye spika zote, lakini hiyo ni kuigiza tu. Sauti halisi ya mzunguko hupatikana katika filamu za DVD na Blu-ray zenye chaneli sita au zaidi, na katika michezo mingi ya kompyuta.

Kosa la kinyume nalo lipo. Mwenye spika mbili akiiambia kompyuta kwamba anazo sita, atasikia muziki na milio ya filamu, lakini maneno ya waigizaji yatafifia au kupotea. Sababu ni kwamba mazungumzo hupitia zaidi chaneli ya katikati, na spika ya katikati hana.

Wanaotumia waya wa kidijitali wa S/PDIF nao wajue mipaka yake. Waya huo hubeba chaneli mbili zisizobanwa, au chaneli sita zilizobanwa kwa mfumo kama Dolby Digital au DTS. Filamu ya DVD itapita salama, lakini mchezo wa kompyuta utatoka kwa chaneli mbili, isipokuwa bodi iwe na uwezo wa kubana sauti papo kwa papo. HDMI haina kikwazo hicho. Hubeba chaneli nane bila kuzibana.

Aidha, kabla ya kulipia seti ya spika, itazame kwa nyuma. Baadhi ya seti zinazouzwa pamoja na mashine ya DVD hutoa chaneli sita kwa diski zake zenyewe tu, na kwa kompyuta zimeachiwa mlango wa chaneli mbili. Inayofaa ni ile yenye matundu sita ya kuingizia sauti, au mlango wa kidijitali.

Upangaji nao una kanuni. Akiwa ameketi, msikilizaji anapaswa kuwa na spika ya katikati mbele yake, zile mbili za mbele zikiwa nyuzi 30 kila upande, na za mzunguko nyuzi 110, yaani nyuma kidogo ya masikio.

Hii haina maana kwamba kadi ya sauti haina kazi tena. Anayerekodi muziki, anayesumbuliwa na mvumo wa umeme ndani ya kasha, au mwenye kompyuta ndogo yenye tundu moja tu, anaweza kuihitaji, au akatumia kifaa cha nje cha USB.

Kwa wengine, jibu huenda liko nyuma ya kasha lenye vumbi. Hesabu matundu, tazama rangi, jaribu spika moja moja. Ukimaliza hayo na bado ukakosa sauti, ndipo uende dukani, tena ukiwa unajua unachokwenda kutafuta.