Sindano iliyoifuata tezi kifuani

Mtu wa Minembwe, katika milima ya Fizi mashariki mwa Kongo, akikohoa kwa wiki kadhaa, akikonda na kutokwa jasho usiku, kwanza hupimwa makohozi. Yasipoonyesha vijidudu, na eksirei ikaonyesha tezi zilizovimba katikati ya kifua, mganga hujikuta njia panda. Kifua kikuu huzivimbisha, na saratani ya limfu vilevile. Mgonjwa akimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita kumbe ana saratani, muda huo hakuna wa kumrudishia.

Kuzifikia tezi hizo ni kazi, maana zimejificha kati ya bomba la hewa, moyo na mishipa mikubwa ya damu. Mwaka 1959 Eric Carlens wa Sweden alieleza njia ya kupasua juu kidogo ya mfupa wa kidari na kupitisha bomba lenye taa, mgonjwa akiwa nusu kaputi. Majibu yalipatikana, ila bila chumba cha upasuaji haikuwezekana.

Miaka kumi kabla yake, Eduardo Schieppati wa Argentina alikwisha kuchoma sindano kutokea ndani ya bomba la hewa, pale linapogawanyika. Wachache walimfuata. Ko-Pen Wang wa Johns Hopkins, Marekani, ndiye aliyeifufua njia hiyo tangu 1978, kisha akatengeneza sindano ya kupita ndani ya bronkoskopu laini, chombo cha kutazama njia za hewa alichokibuni Shigeto Ikeda wa Japani katika miaka ya 1960. Hata hivyo Wang alichoma bila kuiona tezi, akitegemea ramani ya mwili aliyoijua kwa moyo. Pembeni kidogo upo mshipa wa damu.

Macho yalikuja na ultrasaundi. Mwaka 1992 Hürter na Hanrath wa Ujerumani waliandika jinsi walivyoiingiza kwenye njia za hewa, na mwaka 2003 na 2004 Mark Krasnik wa Denmark na Kazuhiro Yasufuku wa Chiba, Japani, wakatangaza matokeo ya chombo chenye ultrasaundi nchani na sindano ubavuni. Daktari huona tezi kwenye kioo, rangi zikimwonyesha damu inakopita, kisha huchoma huku akiitazama ncha ya sindano ikizama. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Chombo hicho ni ghali na hutaka wataalamu, kwa hiyo kwa milima ya Fizi mimi naweka tumaini kwenye tawi jingine la historia hii. Huko Tygerberg, Cape Town, madaktari wameonyesha kwamba uvimbe uliogusa ukuta wa kifua hufikiwa kwa ultrasaundi ya kawaida na sindano nyembamba kupitia ngozini. Ukitenganishwa na ukuta huo kwa hewa ya mapafu, ultrasaundi haiuoni. Tezi ya shingo iliyovimba pamoja na za kifuani ni rahisi zaidi: huchomwa kwa mkono, sehemu ya majimaji hupakwa kwenye kioo, nyingine hupimwa kwa GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Kioo kikikauka husafiri hadi kwa msomaji wa seli mjini, na mgonjwa hubaki kwao bila kubebwa kwa machela.