Mhamahamaji wa Kidijitali, Kutoka Kamusini Hadi Tirana

Mtaa wa Blloku, katikati ya Tirana, mji mkuu wa Albania, ulikuwa makazi ya vigogo wa chama cha kikomunisti enzi za utawala wa Enver Hoxha, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga humo hadi utawala ule ulipoporomoka mwaka 1991. Leo umejaa mikahawa, na katika mikahawa hiyo, asubuhi ya siku ya kazi, wapo wageni walioinamia kompyuta mpakato, hedifoni masikioni na kahawa pembeni. Hawakuajiriwa na mtu yeyote Albania. Hawakuja kutalii. Wateja wao wako Berlin au Toronto, na baada ya miezi michache wengi wao watafungasha mizigo waende mji mwingine.

Kwa Kiingereza mtu huyu anaitwa ‘digital nomad’. Jina hilo lilipata umaarufu kupitia kitabu cha Tsugio Makimoto na David Manners kilichotoka mwaka 1997, wakati ambapo intaneti isiyo na waya ilikuwa bado haijafika mikahawani. Waandishi hao walitabiri kwamba vifaa vikishakuwa vidogo na mawasiliano yakishakuwa rahisi, watu wengi hawatakuwa na sababu ya kukaa mahali pamoja. Neno ‘nomad’ lenyewe lina asili ya Kigiriki, nalo lilimtaja mchungaji anayefuata malisho.

Magazetini na redioni, Kiswahili kimempa mtu huyu majina kadhaa: mhamaji wa kidijitali, nomadi wa kidijitali, mfanyakazi wa mtandaoni, mhamahamaji wa kidijitali. Hili la mwisho ndilo lenye uzito, na sababu iko ndani ya kitenzi. Kuhama ni tendo moja: mtu ametoka Tabora, amekwenda Mwanza, basi. Kuhamahama ni kuhama kusikokoma, na kwa kurudufisha kitenzi lugha imekwisha kueleza mwenendo mzima bila kuongeza neno. Ndivyo tunavyosema siku zote juu ya wafugaji wa Kimaasai na Kisomali, kwa hiyo msikilizaji hahitaji kufafanuliwa. ‘Mfanyakazi wa mtandaoni’ si kosa, ila mtu huyo anaweza kuwa amekaa Kariakoo miaka yote asitoke.

Kuna jirani mmoja ambaye mhamahamaji hapaswi kuchanganywa naye: mhamiaji. Huyu huingia nchi ya watu ili apate riziki humo humo, ashindanie kazi iliyopo na alipwe na mwajiri wa hapo. Mhamahamaji wa kidijitali huja na riziki yake kutoka nje. Sheria nyingi zimesimama juu ya tofauti hiyo. Estonia, miongoni mwa nchi za kwanza kumwekea viza yake, ilifanya hivyo Agosti 2020 kwa sharti kwamba mwajiri au wateja wawe hasa nje ya Estonia. Albania nayo, katika sheria yake ya wageni ya mwaka 2021, inamtambua mfanyakazi wa kidijitali anayehamahama na kumpa kibali kimoja kinachounganisha ukaaji na kazi.

Mfugaji hufuata nyasi. Huyu hufuata tofauti ya bei: analipwa kwa viwango vya Berlin, anakula kwa viwango vya Tirana. Kwa nini Tirana? Albania haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mgeni aliyemaliza siku 90 anazoruhusiwa kukaa Schengen katika kila siku 180 anaweza kuvuka mpaka akaendelea na kazi. Raia wa Marekani huruhusiwa kukaa mwaka mzima bila viza. Saa pia zinasaidia: inapogonga saa tatu asubuhi New York, Tirana ni saa tisa alasiri, muda mzuri wa kukutana na mteja kwa video.

Mwenye kufika huko ajiandae kwa mkanganyiko wa fedha. Mwaka 1965 serikali ilifuta sifuri moja katika sarafu yake, lek 10 za zamani zikawa lek 1 mpya. Miaka 60 baadaye, wenyeji wengi bado hutaja bei kwa hesabu ya kale. Mgeni anauliza bei ya nyanya sokoni Pazari i Ri, anaambiwa elfu moja, anatoa noti ya 1,000, na muuzaji anamrudishia 900. Mara nyingi hakuna hila yoyote hapo, ni mazoea ya ulimi tu.

Malisho hayo ya tofauti ya bei pia hukauka. Mwanzoni mwa mwaka 2022 euro moja ilibadilishwa kwa lek 120 hivi. Kufikia 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu lek 100. Anayelipwa euro 1,500 kwa mwezi alijikuta amepungukiwa lek 30,000 hivi ilhali mshahara wake haujaguswa. Mtu anayeishi kwa tofauti ya sarafu anapaswa kuufuatilia mwenendo wa sarafu kama mfugaji anavyofuatilia mvua.

Na wenyeji je? Kodi za nyumba Blloku hutajwa kwa euro, ilhali mwalimu na muuguzi wa Tirana hulipwa kwa lek. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 2.8 nchini humo. Ya mwaka 2023 ilihesabu milioni 2.4. Sababu kubwa ni vijana kwenda kutafuta kazi Italia, Ujerumani na kwingineko. Hapa ndipo maneno yetu mawili yanapofanya kazi yake barabara: kijana wa Tirana anayekwenda Munich ni mhamiaji, na Mjerumani anayekuja na kompyuta yake Tirana ni mhamahamaji. Wanapishana uwanja wa ndege ule ule, lakini mmoja hupanga foleni ya kibali cha ajira na mwingine huchagua tu mji unaomfaa. Istilahi inayowaweka kapu moja inaficha jambo ambalo msomaji anastahili kulijua.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki tofauti hiyo ni ya pasipoti. Mtanzania au Mkenya huhitaji viza kuingia Albania, isipokuwa kwa kawaida kama ana viza hai ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo amekwisha kuitumia. Ujuzi wa kusanifu programu au kuhariri sauti haumwondolei sharti hilo.

Suala lenyewe limekwisha kubisha hodi nyumbani. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kibali cha Daraja N kwa wageni wanaotaka kukaa nchini humo huku wakifanya kazi za nje. Watakaoandika maelezo yake kwa Kiswahili, pamoja na wahariri na walimu wa tafsiri, waandike ‘mhamahamaji wa kidijitali’, na neno ‘mhamiaji’ waliachie yule anayeajiriwa nchini.