Nani Anachekwa? Hollywood, Mashoga na Brüno

Machi 1996 Wamarekani walifurika kwenye majumba ya sinema kuwatazama Robin Williams na Nathan Lane katika The Birdcage, kisa cha wanaume wawili wapenzi waishio pamoja wanaolazimika kuyaficha maisha yao mbele ya seneta mhafidhina anayekuja kula nao chakula cha jioni. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola milioni 120 nchini humo. Septemba ya mwaka huohuo Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoizuia serikali kuu kuzitambua ndoa za watu wa jinsia moja. Seneti ilikuwa imeipitisha kwa kura 85 dhidi ya 14.

Hollywood ilikuwa imezoea kuwacheka mashoga bila kuwakubali tangu zamani. Kanuni zake za maadili, zilizoandikwa 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja. Watunzi wakapita mlango wa uani. Wakambuni mwanamume mlaini, mwenye madaha, mwepesi wa kushtuka, wakampa kazi ya ukarani wa hoteli au utumishi wa nyumbani. Franklin Pangborn na Edward Everett Horton walijulikana sana kwa sura hiyo. Neno halikutamkwa, lakini watazamaji walielewa wakacheka. Vito Russo aliikusanya historia hiyo katika kitabu chake The Celluloid Closet cha 1981, na mwaka 1985 akawa miongoni mwa waanzilishi wa GLAAD, shirika linalofuatilia namna mashoga wanavyooneshwa katika vyombo vya habari.

The Birdcage yenyewe ilitokana na La Cage aux Folles, filamu ya 1978 ya mwongozaji Édouard Molinaro, iliyotokana na tamthilia ya Jean Poiret. Ujanja wa filamu zote mbili ni kumhamishia aibu mlinzi wa maadili: mwishowe mwanasiasa anawatoroka waandishi wa habari akiwa amevaa gauni. Hata hivyo, kabla ya kufika hapo, kicheko kingi kimeshatolewa na yuleyule mwanamume mlaini wa miaka ya thelathini, mwenye kulia na kupiga mayowe.

Julai 2009 mwigizaji Sacha Baron Cohen na mwongozaji Larry Charles walikwenda mbali zaidi kwa filamu yao Brüno. Mhusika wa Baron Cohen, Brüno, mtangazaji shoga wa mitindo kutoka Austria, hakuwekwa kati ya waigizaji tu. Aliachiliwa kati ya watu halisi wasiojua kwamba wanachezewa shere. Katika chumba cha hoteli alivua suruali mbele ya Ron Paul, mbunge aliyekuwa akiwania urais, naye akatoka kwa hasira na maneno ya kashfa. Kipande hicho hakithibitishi mengi: wageni wengi wangeondoka, awe aliyevua suruali mwanamume au mwanamke.

Fort Smith, Arkansas, ilikuwa kitu kingine. Juni 2008 watu walialikwa kutazama mapigano ya ulingoni, kwa bia ya dola moja. Walishangilia ngumi. Wapiganaji wawili, mmoja wao Brüno mwenyewe, walipoanza kukumbatiana na kubusiana, vikombe na viti vilirushwa ulingoni. Hapo Brüno hakumgusa mtazamaji hata mmoja. Hasira iliyonaswa na kamera ni ya umati wenyewe, na hapo ndipo kejeli ya filamu ilipopata shabaha yake.

Lakini GLAAD ililaumu sehemu nyingine, hasa zile zinazomhusu mtoto mchanga ambaye Brüno anadai kumpata Afrika kwa kubadilishana na iPod. Mtoto huyo anaonekana kwenye picha akiwa karibu na watu wazima wanaofanya ngono. Novemba 2008, miezi minane kabla filamu haijatoka, wapiga kura wa Arkansas walikuwa wamepitisha sheria ya kuwanyima wanaoishi pamoja bila ndoa haki ya kuasili watoto, na mashoga, ambao wakati huo hawakuruhusiwa kuoana katika jimbo hilo, ndio waliolengwa hasa. Aliyeiunga mkono sheria hiyo angeweza kulipa kiingilio Julai, akacheka hadi mwisho, na kutoka akiwa na picha ileile aliyoingia nayo kwenye kituo cha kura.