Jahazi lilifanyiwa sevisi wapi?

Kariakoo ya leo ni maghorofa na vioo, lakini ile ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: miti, udongo, na paa la makuti au madebe. Boriti za mikoko zilitoka delta ya Rufiji, na lori lake lilikuwa jahazi. Biashara hiyo ilifika hadi Ghuba: mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya chombo cha Kuwait kilichokwenda Rufiji kupakia boriti.

Sasa jiulize: chombo kizito namna hiyo, cha mbao, kilifanyiwa sevisi wapi?

Adui wa ndani

Dhoruba tunaijua. Lakini kuna kiumbe anayetafuna mbao kimyakimya. Wengi humwita mnyoo, ila kibayolojia ni ndugu wa chaza. Gamba lake dogo limebaki kichwani na linafanya kazi kama keekee. Anaingia akiwa mdogo kiasi kwamba tundu halionekani, kisha anakulia humo humo akichimba. Miaka ya 1730 alizila nguzo za mbao zilizokinga kuta za bahari Uholanzi, ikabidi watumie mawe.

Kwenye mifereji ya Uingereza hana nafasi, kwa sababu anataka maji ya chumvi. Mashua nyembamba za kule, zenye upana wa meta 2 hivi, siku hizi ni za chuma na adui yake ni kutu. Njia moja ya kuzitunza ni kuziingiza kwenye chumba kando ya mfereji, kufunga mlango, kutoa maji, na kupaka lami.

Mlango wetu ni mwezi

Pwani yetu kazi ya mlango ule inafanywa na bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaribia kukaa mstari mmoja, na Dar es Salaam maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Nahodha analeta chombo maji yakiwa yamejaa, mabaharia wanapiga magadi pande zote kisilale, maji yanapwa, na chombo kinabaki mchangani. Una saa chache tu kabla bahari haijarudi.

Hapa ndipo penye hesabu. Ukipandisha chombo siku ya kilele cha bamvua, siku zinazofuata maji hayafiki tena pale. Umepwelewa! Utasubiri wiki 2 hivi, mpaka bamvua lijalo. Kwa hiyo unapandisha siku chache kabla ya kilele, wakati maji ya leo yanazidi ya jana.

Kemia ya deheni

Chombo kikishakauka, kinakwanguliwa, kinapitishiwa moto wa makuti kuua wadudu, na nafasi kati ya mbao zinakalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta. Juu kinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Chini kinapakwa deheni: shahamu na chokaa.

Kwa nini chokaa? Kwa sababu ni alkali, na ikikutana na shahamu hutengeneza sabuni ya kalisi. Sabuni ya kufulia ni ya sodiamu, inayeyuka; hii haiyeyuki. Ni ndugu wa ule utando unaoganda kwenye beseni ukifua kwa maji magumu ya kisima. Deheni inaziba mbao, lakini inabanduka polepole, ndiyo maana lazima irudiwe.

Karne ya 20 wenye meli walitafuta rangi ya kudumu. Kuanzia miaka ya 1960 ikatumika kemikali yenye bati, TBT. Ilifanya kazi vizuri mno: konokono jike wakaota viungo vya dume, na chaza wa Arcachon, Ufaransa, wakaharibika maganda. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa 2001, ukaanza kutumika 2008.

Hatusemi meli za mizigo zirudi kwenye shahamu. Ila boti za faiba zinaongezeka, na hazihitaji kalafati wala deheni. Kiasi gani cha chokaa kwa kiasi gani cha shahamu, na koti moja linadumu bamvua ngapi: hayo ni maswali ambayo maabara ya chuo inaweza kuyapima. Lakini pa kuanzia ni kwa mafundi wenyewe, kwa sababu vipimo vyao viko mikononi, si vitabuni, na fundi akiondoka anaondoka navyo.