Nguzo Zisizobeba Kitu: Reli Zilizopotea za Glasgow

Anayeuvuka mto Clyde kwa miguu kuingia katikati ya jiji la Glasgow, Scotland, kupitia daraja la barabara linaloishia Mtaa wa Jamaica, hana budi kuziona. Upande wa magharibi, ndani ya maji, zimejipanga nguzo nene za mawe ya itale, zimechongwa kwa ustadi na kukaa imara kama zilivyojengwa karne ya kumi na tisa. Juu yake hakuna kitu. Hakuna reli wala mataruma, wala hata kipande cha chuma. Shakwe wanatua, wananyoosha mabawa, wanaruka. Nyuma ya nguzo hizo, kwenye daraja lingine pana, treni zinapita kuingia na kutoka stesheni ya Central.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki angeapa kwamba hapa mkandarasi alikula malipo ya awali akatoweka. Sivyo. Daraja lilikuwepo, likafanya kazi kwa karibu miaka tisini, kisha likang'olewa.

Lilijengwa kati ya mwaka 1876 na 1878 kwa ajili ya kampuni ya reli ya Caledonian, na aliyelijenga ni William Arrol, ambaye baadaye alijenga daraja maarufu la Forth na lile la Tower jijini London. Kabla ya hapo, baadhi ya treni za kampuni hiyo ziliishia ng'ambo, katika stesheni ya Bridge Street, na abiria akamalizia safari kivyake. Daraja lilipopitisha njia nne za reli juu ya maji, stesheni ya Central ikafunguliwa mwaka 1879. Haikuchukua muda ikawa finyu. Kufikia mwaka 1905 daraja la pili, pana zaidi, lilikuwa limesimama ubavuni mwa la kwanza, na Bridge Street ikafungwa mwaka huohuo. Miaka ya sitini mitambo ya ishara ilipofanywa upya, ikaonekana daraja moja linatosha. Mwaka 1966 na 1967 mafundi wakaondoa vyuma vya lile la zamani na kuziacha nguzo mahali pake. Mwaka 1990 msanii Ian Hamilton Finlay akazipa kazi mpya: alichongesha juu yake maneno ya Plato, kwa Kigiriki na kwa Kiingereza.

Kwa nini jiji moja lilihitaji reli nyingi kiasi hicho? Jibu ni ushindani. Karne ya kumi na tisa reli za Uingereza zilikuwa mali ya kampuni binafsi, na Glasgow ilikuwa na tatu kubwa: Caledonian, North British, na Glasgow and South Western. Hakuna iliyotaka kushusha abiria wake kwenye uwanja wa mwenzake. Kila moja ikawa na stesheni zake na njia zake za kuingilia jijini. Matokeo yake, jiji likawa na stesheni kuu nne: Queen Street, Buchanan Street, Central na St Enoch. Kampuni hizo zilipounganishwa katika makundi makubwa mwaka 1923, kisha kutaifishwa mwaka 1948, mwenye mali mpya alijikuta amerithi nyumba nne za kufanya kazi ya mbili.

Ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyofyeka reli kote Uingereza, ndiyo iliyotoa panga. St Enoch ilifungwa Juni 1966, Buchanan Street ikafuata Novemba.

St Enoch ndiyo inayoumiza zaidi. Ilifunguliwa mwaka 1876, ikiwa na paa la chuma na vioo lililojipinda juu ya majukwaa. Mbele yake ilisimama hoteli yenye vyumba zaidi ya 200, na stesheni hiyo ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza jijini kuwashwa taa za umeme. Hapo ndipo msafiri wa Ayr, Kilmarnock au Dumfries alipopandia treni, na palikuwa na treni za kwenda hadi London. Baada ya kufungwa, chini ya paa lilelile pakageuzwa maegesho ya magari, kejeli ambayo haihitaji kuongezewa chumvi. Mwaka 1977 vyote vikabomolewa, stesheni na hoteli. Saa yake kubwa ilipelekwa mji wa Cumbernauld, ikatundikwa ndani ya jengo la maduka.

Daraja lililoihudumia St Enoch halikubomolewa. Njia ile ilikuwa ya kwanza kuuvuka mto Clyde kwa reli ndani ya Glasgow, mwaka 1870, na daraja lililopo sasa lilijengwa upya mwishoni mwa karne hiyo. Treni bado zinalipita, ila nyingi ni tupu, zinahamishwa tu kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine.

Reli nyingine zilipotelea ardhini. Katika bustani ya mimea, magharibi mwa jiji, palikuwa na stesheni iliyobuniwa na James Miller na kufunguliwa mwaka 1896. Jengo lake lilikuwa na minara miwili yenye vichwa kama vitunguu, mithili ya kanisa la Urusi. Majukwaa yalikuwa chini, handakini. Abiria waliacha kushuka hapo mwaka 1939, treni zikakoma mwaka 1964. Jengo la juu likawa mgahawa, kisha klabu ya usiku, hadi lilipoteketea kwa moto mwaka 1970. Leo, anayetembea bustanini akasogea kwenye uzio uliofichwa na vichaka, anaweza kuchungulia kupitia matundu ya kutolea moshi na kuona, chini kabisa gizani, ukingo wa jukwaa ulioota ukungu. Sehemu nyingine ya reli hiyohiyo, ile inayopita chini ya katikati ya jiji, ilifufuliwa mwaka 1979 na hadi sasa inabeba abiria.

Kinachoshangaza ni kwamba mji uliong'oa reli zake ndio uliokuwa ukiunda vichwa vya treni vya nusu ya dunia. Kampuni ya North British Locomotive, iliyozaliwa mwaka 1903 kwa kuunganisha viwanda vitatu, ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake Ulaya. Viwanda viwili kati ya hivyo vilikuwa Springburn, kaskazini mwa jiji. Miaka ya hamsini vilitoka huko vichwa vya daraja la 29 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya makabila. Kimoja kati ya hivyo, namba 2921, Masai of Kenya, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Hata meli ya Victoria, ambayo watu wa Mwanza na Bukoba wanaijua bila kuelezwa, iliundwa kando ya mto huohuo, Scotstoun, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu kwenda kuungwa.

Vichwa vya treni vilivyokwenda ng'ambo vilikokotwa mitaani, juu ya trela, kutoka Springburn hadi gati la Stobcross. Watoto walikimbia pembeni. Gatini vilisubiriwa na winchi kubwa ya Finnieston, iliyoanza kazi mwaka 1932 na yenye uwezo wa kunyanyua tani 175. Vikainuliwa hewani kama mizigo ya sokoni, vikatuliwa melini. Kampuni ya North British Locomotive ilifilisika mwaka 1962. Septemba mwaka huohuo tramu za Glasgow nazo zikafanya safari ya mwisho, na watu wanaokadiriwa kufika robo milioni wakasimama kwenye mvua kuziaga. Miaka minane baadaye daraja la Kingston likafunguliwa juu ya mto, la barabara kuu, kwa ajili ya magari.

Winchi bado ipo, imesimama tuli. Jirani yake palikuwa na gati la ndani lililoitwa Queen's Dock, ambalo meli zilipolihama iliamuliwa lifukiwe. Kifusi kilitoka kilomita mbili hivi kutoka hapo, kwenye ubomoaji wa St Enoch: mawe na matofali ya stesheni yakamwagwa majini hadi pakawa nchi kavu. Juu yake ukajengwa ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa mwaka 1985. Novemba 2021 viongozi wa dunia, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Uhuru Kenyatta wakiwemo, walikusanyika hapo kwa mkutano wa tabianchi, COP26, ambako pamoja na mengine ilijadiliwa namna ya kupunguza uchafuzi unaotokana na magari. Chini ya sakafu ya ukumbi huo palikuwa pamelala stesheni.