Kalamu ya Mhajiri: Maisha ya Sheikh Muhammad Rashid Ridha

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeapa kwa kalamu katika Kitabu chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo: wakubwa wa jumuiya yetu wameniomba niandike machache katika kitabu hiki cha ukumbusho. Nimechagua kueleza khabari za mtu ambaye hakufika katika nchi zetu hata mara moja, lakini maneno yake yalifika. Mtu huyo ni Sheikh Muhammad Rashid Ridha.

Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Qalamun, karibu na Tripoli ya Sham, katika nchi iitwayo leo Lebanoni. Zama hizo nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Kituruki. Alianza chuoni kijijini kwao, kisha akasoma kwa Sheikh Husein al-Jisr mjini Tripoli. Katika ujana wake aliona ndani ya karatasi za baba yake nakala za gazeti la al-Urwatul Wuthqa, lililopigwa chapa Paris mwaka 1884 na Sayyid Jamaluddin al-Afghani na Sheikh Muhammad Abduh. Gazeti hilo liligeuza fikra zake. Alitambua kuwa mwanachuoni aweza kusema na watu asiowaona, walio ng'ambo ya bahari.

Lakini Sham haikuwa mahali pa kusema. Serikali ya Sultani Abdulhamid ilichungua kila kilichopigwa chapa. Basi mwishoni mwa mwaka 1897 aliiacha nchi yake akahamia Misri, ili awe karibu na Sheikh Muhammad Abduh. Mwezi wa Machi 1898 alitoa gazeti lake, al-Manar, maana yake Mnara. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya taabu: nakala nyingi zilirudishwa, walionunua walikuwa wachache, na serikali ya Kituruki ilizuia gazeti lisiingie Sham. Mhajiri huyu hakuvunjika moyo. Aliliendesha gazeti lake hata alipofikwa na mauti, muda wa miaka 37.

Tazameni namna alivyoifanya kazi yake. Sheikh Muhammad Abduh alipoanza kufasiri Qurani katika Azhar mwaka 1899, ni Rashid Ridha aliyeyaandika masomo yale na kuyaeneza katika al-Manar. Lau si kalamu yake, darasa lile lingalibaki kwa waliohudhuria tu. Mwalimu alipofariki mwaka 1905, mwanafunzi aliendelea peke yake mpaka Sura Yusuf. Kadhalika aliweka mlango wa maswali na fatwa, na majibu yake yalizidi 1,000. Alimwandikia hata Basyuni Imran, mwanachuoni wa Sambas katika kisiwa cha Borneo, aliyetaka kujua sababu za Waislamu kurudi nyuma. Swali hilo alimpelekea Amir Shakib Arslan, na jawabu lake likawa kitabu mashuhuri.

Al-Manar ilisomwa pia Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa miongoni mwa wasomaji wake. Mwaka 1930 alitoa karatasi yake ya as-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947. Njia hiyo ya kuandika dini kwa Kiswahili waliifuata Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na vitabu vyao vimefika kwetu bara.

Sitaficha kuwa Sheikh Rashid Ridha alileta khitilafu. Maneno yake juu ya makaburi na bidaa yaliwaghadhibisha wengi, na jumuiya yetu ingali na watu wa pande zote mbili. Mimi mwenyewe siafikiani naye katika mambo kadhaa. Lakini naweza kumpinga kwa sababu aliandika. Asiyeandika hapingwi wala hafuatwi, husahauliwa.

Na hapa ndipo penye huzuni yangu. Mwalimu wangu alipofariki, tulifungua sanduku lake tukitaraji kuona fatwa zake za miaka arubaini. Tulikuta kanzu, tasbihi na misahafu miwili. Watu walikuwa wakimwendea usiku na mchana kwa mirathi na talaka, na yote aliyowajibu yamekwenda naye. Leo vijana wetu huuliza katika simu, hujibiwa na watu wasioijua hali ya mji huu, nasi twawalaumu. Je, tumewaandikia nini?

Sheikh Rashid Ridha alifariki tarehe 22 Agosti 1935, akiwa ndani ya gari akirejea Cairo kutoka Suez. Rai yangu kwa jumuiya ni hii: tuweke daftari moja msikitini, kila swali lenye maana liandikwe pamoja na jawabu lake na jina la aliyejibu. Gharama yake ni ndogo. Nami nimeahidi kuuandika ukurasa wa kwanza.

Mwenyezi Mungu awarehemu wanazuoni wetu, walioandika na wasioandika, na atujaalie tuwe warithi wema. Amin.